Ukuta wa Mianzi Ndani ya Gari

Gari lenyewe lilitengenezwa kabla ya vita, na nilipolipata lilikuwa limekwisha kubeba mikate, mboga na, kwa harufu yake, samaki wakavu wa ziwani. Mbele lilikuwa bati, nyuma sanduku refu la mbao lenye milango miwili iliyofunguka kama kabati. Mwenye duka mmoja wa Iringa alikuwa ameliegesha nyuma ya stoo yake, kuku wakalifanya banda. Nilihangaika na injini miezi miwili, nikalipeleka nyumbani kwangu Mlandege, na manyoya ya kuku niliendelea kuyaokota humo hadi mwaka uliofuata.

Kazi yangu katika miaka ile ya hamsini ilikuwa kutengeneza cherehani. Nilianza kama seremala, nikajifunza cherehani baadaye, na kutoka Iringa hadi Mbeya sikuwahi kukosa kazi: kila misheni ilikuwa na cherehani, kila duka lilikuwa na fundi nguo barazani, na kila mashine ilikuwa na siku yake ya kukwama. Kazi ile ilinifaa kwa sababu nyingine pia. Sikuwa mtu wa kukaa. Siku ya nne mahali pamoja, miguu ilianza kuniwasha, nikaanza kutafuta kitu cha kukifungua skrubu.

Mimi na mke wangu tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa. Yeye na mimi tumetoka milima ile ile ya Rungwe, na alikuwa mshonaji mzuri kuliko wengi niliowatengenezea mashine. Nilipokuwa nasafiri peke yangu kwa mabasi nilimwandikia barua kila juma, nikidhani nafanya vizuri. Siku nilipoleta gari alilizunguka mara moja, akachungulia ndani, akasema, "Fundi, mimi sikuolewa na barua. Hili likiondoka, naondoka nalo. Lakini silali sakafuni katikati ya spana."

Ndiyo nikaanza kujenga.

Nitaeleza kidogo, kwa sababu huenda msomaji mmoja akataka kujaribu, na ningependa ajaribu. Si kazi ngumu. Jambo la kwanza ni kusahau unachokijua juu ya nyumba. Nyumba imesimama. Chumba cha ndani ya gari kinatikiswa siku nzima, na kila kitu ulichokifunga kitajaribu kufunguka. Kitanda changu cha kwanza nilikilaza kukingama gari, nyuma ya kiti cha dereva. Kilipendeza machoni. Nilipolala, nyayo zangu ziligusa ubao wa upande mmoja na utosi wangu ubao wa upande mwingine, na baridi ya Iringa ya mwezi wa Julai ikapita mwilini kama maji kwenye bomba. Nikakigeuza kufuata urefu wa gari. Kisha nikakihamishia kushoto, kwa kuwa kulia kulikuwa na tangi la petroli na uzito ulielemea huko. Kisha nikakikata katikati na kukitia bawaba, mchana kiwe benchi na chini yake sanduku la nguo.

Rafu nilizitia ukingo wa mbele, upana wa vidole viwili, vikombe visiruke. Milango ya makabati niliifanya ifunguke kwa kuinuliwa juu, kwa sababu mlango wa kufunguka pembeni hufunguka wenyewe kwenye kona. Jiko la mafuta ya taa nililiweka karibu kabisa na mlango wa nyuma, ndani ya sinia la bati lenye mchanga. Maji yalikaa kwenye debe lililofungwa kwa mkanda wa ngozi. Kila safari ilinionyesha kosa, na kila kosa nilipolisahihisha nilipata sababu ya kuondoka tena kwenda kulijaribu. Mke wangu alizoea kuuliza kabla ya kupanda, "Leo kitanda kiko wapi, nisije nikalala kabatini?"

Tulikuwa Mbeya, mwezi wa kumi, nilipopata barua ya mwalimu wa kanisa la kijijini kwetu. Baba yangu, aliandika, haoni tena. Jicho moja lilikuwa na ukungu tangu zamani; sasa la pili nalo lilikuwa limeziba, na mzee alikuwa amejigonga mara mbili kwenye nguzo ya zizi. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba katika hospitali moja ya misheni upande wa Iringa amekuja daktari wa macho anayeondoa ukungu wa namna hiyo kwa kisu, na kwamba atakaa hadi mvua za kwanza, kisha ataondoka. Alikuwa ameandika pia masharti: mgonjwa akishapasuliwa alazwe chali siku nyingi, na hata akiruhusiwa kwenda nyumbani asitikiswe akiwa ameketi. Asafirishwe amelala.

Nilisoma barua ile nimesimama, na kabla ya kufika mwisho nilikuwa nimekwisha kuona safari nzima. Nilikuwa na gari. Ndani yake kulikuwa na kitanda. Mama alikuwa amekwisha kufariki na dada zangu wameolewa mbali, lakini mke wangu angekuja kumpikia, maana katika hospitali zile mgonjwa hulishwa na watu wake. Mvua zilibaki kama majuma matatu. Tuliondoka asubuhi hiyo hiyo kupanda Rungwe.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, kwa wale wasioijua. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, mwanamke huacha njia na kuinama migombani mpaka apite. Hazungumzi naye, haingii nyumba aliyomo. Mzee naye hakaribii mahali mkwewe anapolala. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima, na wote wawili huilinda kwa uangalifu kama mtu anavyolinda moto usimzimikie. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuilegeza, na mimi kwa kuishi Iringa muda mrefu nilikuwa najua kwamba ipo kama ninavyojua kwamba kuna mto mahali fulani, bila kufikiri nitauvuka vipi. Baba alikuwa mkristo wa zamani, lakini kwa jambo hili hakuwahi kulegeza hata kidogo.

Tulipofika, mke wangu alishuka mapema na kuzungukia migombani. Nilimshika baba mkono, nikamleta kwenye gari. Alifurahi. Alilipapasa bati, akapapasa mbao, akafika kwenye milango ya nyuma na kupitisha kidole kwenye viungo vya fremu, pale ulimi wa ubao unapoingia kwenye tundu lake. "Umekaza vizuri," alisema. Akaingiza mkono ndani, akagusa godoro.

"Hapa analala nani?"

Nikamwambia ndipo tunapolala mimi na mwenzangu, ila yeye atalala hapo, sisi tutajibanza.

Aliutoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Tulizungumza Kinyakyusa, na ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza. "Mwanangu," alisema, "umeniletea chumba cha kulala cha mkwe wangu, ukaniambia nipande?"

Utasema angeketi mbele na mimi. Nilisema hivyo. Akauliza kama kuna ukuta kati ya mbele na nyuma. Hakukuwepo. Akauliza njiani atalala wapi, na wakati wa kurudi, akiwa amefungwa macho, atalazwa wapi. Nilikimbilia migombani kutafuta msaada kwa mke wangu, nikakuta yuko upande wa mzee. Alisema hata baba angekubali, yeye angeshuka na kutembea kwa miguu hadi Iringa.

Miezi mingi nilikuwa nimejenga, nikabomoa na kujenga, na sikufikiri hata siku moja kwamba baba yangu angewahi kupanda. Nilikuwa nimejenga nyumba ya Mnyakyusa isiyoweza kuingiwa na mzazi.

Siku ya kwanza nilitundika pazia la kaki zito. Nilimwita baba alipapase. Alilishika, akalipuliza kwa mdomo, likacheza. "Hii ni nguo," alisema, akarudi kuketi.

Siku ya pili na ya tatu nilijenga ukuta wa mbao. Nilikuwa na mbao za mninga nilizozinunua kwa wapasuaji wa Idodi kwa ajili ya kabati la mtu. Nilizipiga randa, nikazisimamisha katikati ya sanduku kwa urefu, kutoka sakafuni hadi darini. Ulikuwa ukuta mzuri sana. Nilipoliendesha gari kushuka kilima cha jirani, springi zililala, mkia ukakwaruza ardhi, na kila gurudumu moja lilipopanda jiwe ukuta ulilia kama mlango wa kanisa, kisha ubao mmoja ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Nilirudi, nikaung'oa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana juu ya mlima, bado meupe, bado hayana maji, na kila nikiyatazama nilihisi daktari anafunga mizigo yake.

Nilikuwa nazunguka gari, nyundo mkononi, nisijue nigonge wapi, baba aliponiita kutoka barazani.

"Niletee kipimo."

Nikauliza kipimo cha nini.

"Cha huo ukuta. Chukua kamba, funga fundo la urefu, funga fundo la upana. Halafu nikatie mianzi, iliyokomaa, si ile michanga."

Katika ujana wake baba alikuwa mjenzi, na nyumba za kwetu ni za mianzi. Aliketi uani, kamba imelazwa mbele yake, akaanza kupasua fito kwa kisu kifupi. Hakuhitaji macho. Kidole gumba kilitangulia, kisu kikafuata. Alifuma wima na mlalo, fito mbili juu, mbili chini, akibana kila mstari kwa ngumi. Ilimchukua siku mbili na nusu, na siku mbili na nusu hizo nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikwenda barabarani kutazama mawingu, nikarudi, nikamwuliza amefika wapi, nikaenda tena. "Wewe umetembea vya kutosha kufika Iringa," alisema mwishowe. "Sogea, unanikanyagia fito."

Ili nisimsumbue, nilitoboa mlango ubavuni mwa gari, mlango wake mwenyewe, wenye ngazi mbili. Ndani nikakihamishia kulia kitanda chetu, na kushoto nikamjengea baba kitanda chembamba. Chini ya ukuta, usawa wa magoti, tuliacha kidirisha chenye kifuniko cha kuteleza, sahani au ndoo ndogo ya maji ipite na asionekane mtu ila vidole.

Tulipoufunga ukuta wake nilijifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote ya useremala. Gari likipita kwenye mashimo, sanduku lake hujipinda, kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Ubao haujui kujipinda, ndiyo maana hulia na kupasuka. Mianzi iliyofumwa inajipinda pamoja na gari, halafu inarudi. Na ukuta mzima niliweza kuuinua kwa mkono mmoja. Ukijenga ndani ya gari, fuma kabla hujafikiria misumari.

Tukaondoka. Baba kushoto, mke wangu kulia, mianzi katikati, mimi mbele na usukani.

Ugumu uliokuja mara moja ni kwamba wawili wale walihitaji kuambiana mambo. Mimi nikiwa karibu, mke wangu aliniambia mimi, na baba akasikia. Nikiwa chini ya gari, alizungumza na birika. "Wewe birika," nilimsikia akisema siku ya kwanza, tulipopumzika nje ya Mbeya, "uji umeiva, na una chumvi kidogo, atakaye aongezewe asiogope." Kisha sauti ya baba ikaiambia fimbo yake kwamba uji uko sawa, ila viazi vya jana vilikuwa vigumu. Nililala chini ya injini, nimeshika spana, nikauma mdomo nisicheke.

Tulipita Chimala, tukavuka mbuga za Usangu kwenye joto, na siku ya pili tulipoanza kupanda kuelekea Makambako, rejeta ilichemka. Nilisimamisha gari kwenye kona iliyokuwa na korongo upande wa chini, nikatia mawe magurudumuni. Nilimwambia baba asishuke mpaka nirudi. Nikachukua debe, nikateremka kutafuta kijito tulichokipita.

Nilikawia. Kijito kilikuwa karibu kukauka na ilinibidi kuchota kwa kikombe. Haraka yangu yote ilikuwa ndani ya kikombe kile. Nilikuwa nusu ya njia kurudi, debe begani, niliposikia sauti ya mke wangu. Sikuwahi kuisikia hivyo, si kabla wala baada.

"Tata! Simama hapo! Simama!"

Tata ni baba, kwa lugha yetu. Nililitupa debe.

Nilipofika juu, baba alikuwa ameketi ardhini, fimbo mapajani, hatua mbili kutoka ukingoni. Alikuwa ameshuka kwenda haja na kupotewa na upande. Milango ya nyuma ya gari ilikuwa imefungwa. Nilimrudisha baba kwenye ngazi yake, nikazunguka nyuma. Mke wangu alikuwa amejikunja kwenye kona ya mbali, khanga imefunika kichwa kizima, anatetemeka.

"Nimemwona," alisema. "Nimemtazama usoni na nimempigia kelele kama mchunga ng'ombe."

Nilimwambia ameokoa maisha ya baba. Akasema anajua, na kwamba hilo halibadilishi alichokifanya. Alisema nimshushe Makambako, atapanda basi arudi kwao, na mtu mwingine ampikie mzee. Nilihesabu kichwani: kumrudisha, kumtafuta mpishi, mvua, daktari. Nikaanza kubishana, nikiongea haraka, nikitaja kanisa na mji na nyakati mpya, na kila neno lilimfanya ajikunje zaidi.

Kifuniko cha kidirisha kikateleza. Baba alikuwa amekaa sakafuni upande wake, na alizungumza taratibu, akiniita mimi.

"Mwanangu, mwambie mwenzako nilikuwa nimesimama pale, nikasikia birika limeniita."

"Lina sauti kubwa," akaendelea. "Limeniita Tata. Birika la kwetu, lililolelewa vizuri. Mwambie asiliache Makambako."

Khanga haikufunuliwa, lakini mtetemo ulipungua. Baada ya kitambo mke wangu aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nimetupa debe na sasa rejeta itapata maji wapi. Nikateremka tena kijitoni.

Tulifika hospitalini siku ya nne. Daktari alikuwepo. Alimpima baba, akasema lile jicho la zamani limechelewa mno, ila la pili atalijaribu. Siku zilizofuata ndizo zilizonichosha kuliko barabara yote. Baba alilala chali na magunia ya mchanga mashavuni asigeuze kichwa, mke wangu akapika nyuma ya gari nje ya uzio, na mimi nikabeba sahani. Kati ya sahani na sahani nilitengeneza cherehani zote za misheni, hata zilizokuwa nzima. Nilimwuliza baba anawezaje kulala hivyo bila kusogea. Akasema anafuma kichwani.

Bandeji ilipoondolewa alivishwa miwani mizito kama vitako vya chupa. Alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Asubuhi tuliyoruhusiwa kuondoka mawingu yalikuwa meusi upande wa magharibi, na nilikuwa nimekwisha kupakia kila kitu, hendeli mkononi tayari kuwasha injini. Mke wangu aliposikia hatua zetu alipanda upande wake. Baba alipanda ngazi zake mbili. Nikamsikia amesimama.

"Mwanangu, njoo."

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa mlango wa nyuma, upande wa mke wangu, na kati ya fito na fito palikuwa na vijitundu vya mwanga, mamia. Kivuli kilipita nyuma ya ukuta, mkono ulioinua kikombe.

"Nilipofuma nilikuwa sioni," alisema, akishuka haraka na kugeuka. "Kwa vidole ulikuwa umeziba."

Nilimwonyesha mawingu. Nilimwambia ameshauriwa kulala, afumbe macho tu njia nzima. Alisema hakupasuliwa jicho ili alifumbe. Akaniagiza samadi mbichi ya ng'ombe na majivu. Nilimweleza, kama fundi, kwamba udongo mzito utapasuka garini na kudondoka. "Nani kasema udongo?" akauliza. "Samadi na majivu, nyembamba kama ngozi. Inajipinda." Alikuwa sahihi, na nilijua kwamba yuko sahihi, na nilitaka kuondoka.

Basi nikaenda zizini kwa majirani wa misheni. Niliporudi na ndoo, baba alinikataza hata kumsaidia kuinama. Aliketi wima kitandani kwake, kichwa kimetulia kama alivyoagizwa, akapaka kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Nikasikia kidirisha kikiteleza. Vidole vya mke wangu vilitokea, vikaivuta ndoo taratibu ikapita upande wake, kisha ikarudishwa ikiwa imepungua.

Nilisimama nje na hendeli yangu. Matone ya kwanza yalipiga bati la mbele. Ndani, ukuta ulikuwa unatikisika kidogo, mara kushoto, mara kulia, viganja viwili vikipaka mahali pamoja pande mbili, na vile vijitundu vya mwanga vikizimika kimoja kimoja. Nikaiweka hendeli chini ya kiti, nikaenda kuleta ndoo ya pili.